Wiski haizeeki ndani ya chupa

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu wa Njiro, Arusha, aliuliza katika ukurasa wa barua kama anunue chupa ya wiski ya Kimarekani ya miaka ya 1980 ambayo jamaa mmoja anamuuzia kwa bei ya mtamba mzima. Majibu mliyochapisha yalifanana: anunue haraka, kwa sababu wiski kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Nikasubiri atokee mtu wa kupinga, asitokee. Basi niseme mimi, niliyesimama nyuma ya kaunta za hoteli za Arusha tangu enzi ambazo chupa ya kigeni ilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa kwa meneja, mpaka nilipostaafu na kurudi nyumbani Rau, Moshi.

Wiski haizeeki ndani ya chupa. Umri wake unahesabiwa tangu siku ilipotiwa kwenye pipa la mbao hadi siku ilipotolewa. Iliyokaa pipani miaka minane, kisha ikakaa kabatini kwa mtu miaka arobaini, ni wiski ya miaka minane. Mbao ndizo zinazoipa rangi na utamu. Kioo hakiipi kitu. Mtu anayewaambia vijana kwamba chupa ikiachwa stoo itajitengeneza yenyewe anawafanya wanunue vumbi, na vumbi siku hizi linauzwa ghali.

Lakini msomaji wa Njiro hakukosea kuhisi kuwa wiski ya zamani ina ladha nyingine. Ina ladha nyingine kweli. Hapo ndipo nataka kukaa, maana sababu zinajulikana na hakuna hata moja inayohusu kabati la mtu.

Nitazungumzia burboni, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, kwa sababu ndiyo anayouziwa huyo ndugu, na nitazungumzia moja tu kwa kirefu: Wild Turkey 101. Wawindaji wa Kimarekani waliopita Arusha kwenda maporini waliiita kwa namba yake tu, bila jina. Wahudumu wapya walidhani hiyo 101 ni urembo. Ni kipimo. Wamarekani wana kipimo chao cha ukali kinachoitwa prufu, nacho ni asilimia mara mbili. Prufu 101 ni asilimia 50.5 ya pombe. Konyagi yetu ni asilimia 35, kwa hiyo mteja aliyezoea Konyagi akipewa toti ileile ya 101, nilimwekea glasi ya maji pembeni bila kuulizwa.

Burboni ina sheria zake huko kwao. Nafaka yake lazima iwe mahindi kwa angalau asilimia 51. Wild Turkey hutumia mahindi robo tatu, na iliyobaki ni rai, ambayo ni nafaka ya jamii ya ngano, pamoja na kimea cha shayiri. Pombe ikitoka kwenye mtambo isizidi asilimia 80, ikiingia pipani isizidi 62.5, na ikitiwa kwenye chupa isipungue 40. Pipa lazima liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani mpaka mbao ziwe mkaa. Likishatumika mara moja halirudi kwenye burboni. Mengi husafirishwa Uskoti kwenda kukomaza wiski ya kule. Mwaka 1964 bunge la Marekani lilitangaza kwamba burboni ni kinywaji cha Marekani peke yake. Watu wanaojali kinywaji chao kiasi hicho hawaachi ladha ibadilike kwa bahati. Ikibadilika, kuna mahali mtu aliamua.

Nimeichagua 101 kwa sababu inatoa mizani ya haki. Ukilinganisha Jack Daniel's ya zamani na ya leo, unalinganisha vitu vyenye ukali tofauti. (Wenye Jack Daniel's huiita wiski ya Tennessee, hawaandiki burboni, lakini mezani inakaa pamoja nazo.) Ile ya lebo nyeusi ilikuwa asilimia 45, mwaka 1987 ikashushwa hadi 43, na ilipofika 2004 ilikuwa 40. Lebo ileile nyeusi, chupa ileile ya pembe nne, na maji yameongezwa mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Mzee aliyeinywa ujanani akiniambia siku hizi haimshiki, hajachakaa ulimi, amesema kweli. Wild Turkey 101 haikuguswa namba. Ilikuwa 50.5 nilipoanza kazi na ni 50.5 leo. Kwa hiyo ukiziweka ya zamani na mpya pamoja na zikatofautiana, huwezi kusingizia maji yanayoongezwa mwishoni kabla ya kutiwa kwenye chupa. Inabidi utafute sababu mbali zaidi, ndani ya pipa na ndani ya daftari la mahesabu.

Chupa ya zamani niliyonayo niliipata mwenye hoteli moja alipouza jengo na kutugawia wafanyakazi vilivyobaki stoo. Ilikuwa haijafunguliwa. Lebo imeandikwa kwamba ni ya miaka 8, na jina Austin Nichols, kampuni iliyokuwa ikiiuza, limeandikwa kwa herufi kubwa. Haina lile onyo la serikali ya Marekani kuhusu wajawazito na madereva, ambalo chupa zote za soko la Marekani zilitakiwa kuwa nalo tangu Novemba 1989. Haina pia utepe wa karatasi wa kodi uliokuwa ukipita juu ya kizibo na ambao uliachwa 1985. Chini, kwenye kioo chenyewe, kuna namba 87. Ukiviweka pamoja, chupa imejieleza: ilijazwa kati ya 1987 na 1989, na wiski yake iliingia pipani kufikia 1981 au mapema zaidi ya hapo. Mpya nilinunuliwa na kijana wa dada yangu, dereva wa watalii, dukani Arusha, yenye stempu ya TRA.

Tulizionja nyumbani kwangu tukiwa watatu: mimi, huyo kijana, na mzee mmoja tuliyefanya naye kaunta miaka mingi, ambaye sasa anafuga kuku Kiboriloni. Nilitumia vikombe vidogo vya kahawa, nikabandika plasta chini yake na kuandika alama, nikavifunika kwa visahani, kisha nikamwita mtoto wa jirani avipange upya mezani ili hata mimi nisijue kipi ni kipi. Hakuna barafu, barafu huziba pua. Maji pembeni kwa anayetaka. Anayevuta sigara akae uani kwanza.

Kikombe kimoja kilipofunuliwa, mzee wa Kiboriloni hakunywa. Alikishika tu puani muda mrefu. Harufu ilikuwa ya sukari guru iliyoanza kuungua, ngozi ya mkoba mpya, tumbaku ya majani, karafuu, na kitu kama ghala la kahawa kavu pale inapokaa kwenye magunia. Mdomoni iliingia nzito, karibu mafuta, na utamu wake ulikuwa wa matunda yaliyokaushwa kuliko sukari. Ukali ulikuwepo, asilimia 50 haijifichi, ila ulikuja nyuma na ukaondoka taratibu. Kikombe kingine kilikuwa changamfu: vanila, asali, maganda ya chungwa, kisha pilipili manga na mbao mbichi iliyoranduliwa. Kilipiga mbele ya ulimi na kikamalizika mapema zaidi. Kijana wa dada yangu alikipenda hicho cha pili. Mimi na mzee tulichagua cha kwanza, na plasta zilipogeuzwa, cha kwanza kilikuwa cha zamani.

Sitaki mtu asome hapa kwamba mpya ni mbaya. Nimehudumia burboni nyingi za leo, na kwa bei yake hii 101 mpya inazishinda nyingi zenye chupa za kifahari. Ina nguvu, ni safi, haina kona mbaya. Ukiweka barafu na soda bado unaisikia, jambo ambalo wiski za asilimia 40 zinashindwa. Ya zamani ukiitia soda umeitupa. Ila kwa harufu na kwa uzito wa mdomoni, hazilingani, na nitaeleza kwa nini.

Sababu ya kwanza ni umri. Chupa ya zamani iliandikwa miaka 8, na sheria inataka namba hiyo iwe ya pipa changa kuliko yote yaliyochanganywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 namba hiyo iliondolewa kwenye chupa za soko la Marekani, ingawa baadhi ya nchi, Japani ikiwemo, ziliendelea kuuziwa yenye namba. Leo 101 ya kawaida ni mchanganyiko wa mapipa ya kati ya miaka 6 na 8. Huo si uchanga wa kulalamikia. Lakini kuna jambo la zaidi ya namba. Katika miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani waliipa kisogo burboni wakakimbilia vodka. Mapipa yakalala maghalani bila mnunuzi. Kiwanda chenye shehena ya mapipa yaliyozeeka hakikuwa na pa kuyapeleka ila kwenye chupa ya kawaida, kwa hiyo aliyenunua wiski iliyoandikwa miaka 8 mara nyingi alipewa ndani yake na wiski ya miaka zaidi ya hiyo, bila kulipia. Ile chupa yangu ilijazwa katikati ya njaa hiyo ya soko. Utamu wake sehemu kubwa ni hasara ya mfanyabiashara.

Sababu ya pili ndiyo ninayoiona kubwa, na sijawahi kuisikia ikielezwa kwenye kaunta zetu. Ni ukali wa pombe inapoingia pipani. Maji hutoa kwenye mbao vitu ambavyo pombe peke yake haitoi vizuri, hasa ile sukari ya mti iliyoungua kidogo chini ya mkaa. Pombe ikiingia pipani na maji mengi zaidi, inatoka na utamu mwingi zaidi wa mbao. Sheria ya Marekani zamani iliweka kikomo cha kuingia pipani kuwa prufu 110, yaani asilimia 55. Mwaka 1962 kikomo kikapandishwa hadi 125. Viwanda vingi vilipanda nacho. Wild Turkey walikataa muda mrefu. Walibaki 107 mpaka 2004 walipokwenda 110, na 2006 wakaenda 115, nao wamebaki hapo, chini ya wengi.

Fanyeni hesabu, nami huwa nawafanyisha vijana wanaokuja kujifunza kazi. Ukiacha kinachovukiza na kubadilika humo ndani, lita 100 zilizoingia pipani kwa prufu 107 zikipunguzwa hadi 101 zinakuwa kama lita 106. Zilizoingia kwa 115 zinakuwa kama lita 114. Lita nane hizo za tofauti ni maji ambayo hayakuwahi kugusa mbao. Wakati huohuo kiwanda kimehitaji mapipa machache zaidi kwa pombe ileile, na kumbukeni pipa la burboni hununuliwa jipya kila mara. Namwelewa mwenye mahesabu. Lakini na ulimi nao una mahesabu yake, na ule uzito tuliousikia kwenye kikombe cha kwanza unatoka hapa.

Sababu ya tatu ni mahali yanapokwenda mapipa mazuri. Ghala la Kentucky, jimbo la Marekani inakopikwa Wild Turkey, ni jengo la ghorofa kadhaa. Juu kwenye joto wiski hukomaa upesi na kukolea, chini kwenye ubaridi huenda polepole. Kila ghala lina sehemu zinazojulikana na wazee kwamba hutoa mapipa bora. Zamani mapipa hayo yalichanganywa na mengine na kuinua chupa ya kawaida. Mwaka 1984 kiwanda kingine cha Kentucky, chini ya mkuu wake Elmer T. Lee, kikaanza kuuza Blanton's, pipa moja moja bila kuchanganya, kwa bei ya juu, na ikaonekana kuna watu wa kulipa. Wild Turkey wenyewe wakatoa chupa zao za bei ya juu, Rare Breed mwaka 1991 na Kentucky Spirit mwaka 1994. Wiski nzuri hizo, nimezimimina. Ila pipa bora likishatiwa kwenye chupa ya Kentucky Spirit haliwezi kuwa pia kwenye chupa ya 101. Mnywaji wa kawaida ndiye aliyepoteza.

Mengine nayapitia haraka. Kiwanda cha Wild Turkey kilinunuliwa na Pernod Ricard ya Ufaransa mwaka 1980, kikaenda kwa Campari ya Italia mwaka 2009, na mtambo mpya ukaanza kazi 2011. Watu husema mara moja: aha, wageni wameharibu. Mimi siwafuati huko. Jimmy Russell, bingwa wa upikaji wa Wild Turkey, aliingia kufanya kazi pale kiwandani Lawrenceburg mwaka 1954, mwanawe Eddie akamfuata 1981, na nafaka hazikubadilishwa. Chupa yangu ya zamani yenyewe ilijazwa wakati wa Wafaransa, na ndiyo iliyoshinda. Mwenye mali akibadilika si lazima kinywaji kibadilike. Tazameni yanayofanyika pipani.

Kuna mahali jina lilibaki na kila kitu kikaondoka, na huko ndiko mnunuzi wa chupa za zamani anapopaswa kufungua macho. Old Crow ilikuwa burboni ya heshima katika karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1987 Jim Beam, watengenezaji wengine wa burboni, walipoinunua kampuni iliyokuwa ikiimiliki, mtambo wa Old Crow ulifungwa, na jina likatiwa kwenye wiski iliyopikwa kwa fomula ya Beam. Sisi wa Kilimanjaro tunalielewa hilo bila kufundishwa. Mbege ni mbege, ndizi na kimea cha ulezi, lakini mama mpikaji akifariki na kilabu kikaendelea kwa jina lake, wazee wanajua kwa kata ya kwanza kwamba aliyepika ni mwingine.

Sasa niseme linaloniuma, na ndiyo sababu barua hii imekuwa ndefu. Mteja haambiwi. Namba ya umri huondolewa kwenye lebo kimya kimya. Ukali hushushwa, na herufi za asilimia zinabaki ndogo kwenye kona. Mwaka 2013 wenye burboni ya Maker's Mark walifanya tofauti: walitangaza wazi kwamba wiski haitoshi, na kwamba wataishusha kutoka asilimia 45 hadi 42. Wanywaji wakaandika, wakapiga simu, wakalalamika kila mahali, na haikupita muda kampuni ikarudi nyuma na kuiacha 45. Bado ni 45. Nawaheshimu kwa kusema kabla ya kufanya, na nawaheshimu zaidi wale walioandika. Barua ilibakiza asilimia tatu ndani ya chupa.

Na sisi huku Arusha na Moshi tuna la kufanya lisilohitaji ruhusa ya Kentucky. Hoteli na baa zinazouza wiski za bei kubwa ziandike kwenye orodha ya vinywaji ukali na umri, kama umri umeandikwa kwenye chupa. Nimeona orodha zenye karatasi nzito na picha ya Mlima, zimeandika tu jina na bei ya toti. Mteja anayelipa toti moja kwa hela ya chakula cha mchana cha familia ana haki ya kujua ni asilimia 40 au 50. Nilipokuwa na kaunta yangu niliandika mwenyewe kwa kalamu pembeni ya kila jina, na meneja alipoona wageni wanauliza zaidi na kununua zaidi, aliniacha.

Namrudia msomaji wa Njiro, maana yeye anasubiri jibu na muuzaji anampigia simu.

Usinunue bila kuishika chupa mkononi. Itazame kwenye mwanga wa jua, uone kimiminika kimefika wapi. Kikiwa shingoni, sawa. Kikiwa kimeshuka hadi mabegani, kizibo kimekuwa kikipitisha hewa. Pombe imevukiza, na kilichobaki hakina ukali wake tena wala harufu yake. Kama imelazwa, iache. Divai hulazwa, wiski husimamishwa, kwa sababu pombe kali hula kizibo. Kama ilikaa dirishani rangi na ladha zimeshapigwa na jua. Uliza ilihifadhiwa wapi, na sikiliza kama jibu linabadilika ukiuliza mara ya pili.

Soma lebo yote, nyuma na mbele. Namba ya umri ipo? Onyo la serikali ya Marekani lipo? Kama lipo, si ya kabla ya mwisho wa 1989, vyovyote atakavyoapa. Ujazo umeandikwaje? Nchi kadhaa za Ulaya zilihama kutoka sentilita 75 kwenda 70 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati chupa za Marekani zilikuwa mililita 750. Kwa hiyo chupa ya sentilita 70 inayosemwa ni ya mwaka 1985 ina maswali ya kujibu. Pindua uone namba iliyo kwenye kioo.

Halafu uangalie kizibo na ukanda wake kuliko kitu kingine chochote. Stempu za kielektroniki za TRA zilianza kwenye pombe kali mwaka 2019, hivyo chupa halisi ya 1987 haiwezi kuwa nayo, na tapeli anaijua sababu hiyo vizuri: ndiyo mlango wake. Kujaza chupa tupu ni ufundi wa zamani. Wamarekani wenyewe tangu 1935 hadi 1964 walilazimisha chupa zao ziandikwe kwamba sheria inakataza kuziuza tena au kuzitumia tena. Kwenye kaunta yangu chupa tupu ya pombe ya bei kubwa ilivunjwa usiku uleule, mbele ya mtu wa pili, na lebo ikachanwa. Hoteli nyingi zimeliacha hilo. Vijana huziomba kwa ajili ya mapambo, na mapambo mengine yanarudi sokoni yamejaa.

Kama ni 101 na vyote viko sawa, kiasi kiwe shingoni, lebo iseme miaka 8, kizibo kisiwe kimeguswa, basi chupa hiyo ina kitu ambacho kiwanda hakitengenezi tena kwa namna ile, na ni halali iuzwe ghali kuliko mpya. Mara mbili, mara tatu, nitakuelewa. Bei ya mtamba hapana. Kwa hela hiyo nunua 101 mpya, ongeza Rare Breed, na ubaki na nauli ya kuja Moshi. Na ukiinunua ile ya zamani, usiiweke ukumbini kutazamwa. Waite jamaa, ifungue, imalizeni ndani ya miezi michache, kwa sababu ikishafunguliwa na chupa ikabaki robo, hewa iliyomo itaanza kuila ile harufu uliyoilipia.

Muuzaji akikukataza kuipindua chupa, mwambie ahsante na uondoke.

Mama wa Kaunta (mstaafu),
Rau, Moshi